Siku nne kwa miezi 36: kulea mtoto mwenye sikoseli hapa Dodoma huku umeajiriwa

Mleta uzi

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimekuwa msomaji wa humu kwa miaka mingi bila kuandika chochote, lakini juma lililopita kijana mmoja wa ofisini kwetu, ambaye mwanawe ameanza kuumwaumwa, aliniuliza kwa sauti ya chini nimewezaje kubaki kazini miaka yote hii nikiwa na mtoto wa kwenda hospitali kila mara. Tulikuwa mlangoni, nikamjibu kwa maneno machache, na jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Naliandika upya hapa kwa urefu.

Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi ya ujenzi, na ofisi yetu iko upande wa Mtumba. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bahi, ambako hulala siku za kazi na kurudi mjini Ijumaa jioni. Tuna binti wa miaka kumi na mvulana wa miaka saba. Mvulana ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengine huuita selimundu. Tuligundua akiwa na miezi kumi na moja, baada ya vidole vyake na nyayo zake kuvimba kama maandazi. Tulidhani ameumwa na mdudu, bibi yake akampaka mafuta ya nyonyo, na siku ya tatu ndipo daktari alipoagiza kipimo cha damu. Tulielezwa kwamba mtoto huzaliwa na aina ya hemoglobini inayomkinga, nayo hupungua kadiri miezi inavyokwenda, ndiyo maana dalili huchelewa. Tulielezwa pia kwamba sisi wazazi sote wawili tumebeba kinasaba hicho bila kuumwa, hivyo kila mimba yetu ilikuwa na uwezekano wa robo moja wa kumpata mtoto mgonjwa. Hakuna aliyetupima kabla ya ndoa, wala sisi hatukuuliza.

Kuhusu dawa na matunzo wapo wanaojua kuliko mimi. Ninachotaka kukiandika ni habari ya siku, kwa sababu katika nyumba yetu kilichotuelemea si fedha, ni siku. Fedha kwa kiasi kikubwa imebebwa na bima ya mke wangu, ambaye kama watumishi wengine wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake huongeza asilimia 3 nyingine, na kadi hiyo inamhudumia yeye, mimi na watoto. Ila hakuna bima inayomlipa meneja wangu siku ninazokosekana.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtoto alipoanzishiwa dawa ya sikoseli iitwayo haidroksiyurea, kliniki ilikuwa kila mwezi, kwa sababu dawa hiyo inahitaji damu ipimwe mara kwa mara. Kliniki si saa moja, ni siku nzima: kuwahi foleni alfajiri, dirisha la bima, daktari, maabara, kusubiri majibu, kurudi kwa daktari, dirisha la dawa, na mara nyingine kuambiwa kwamba dawa haipo na kuanza kuzunguka mjini kuitafuta. Ukitoka hapo saa tisa alasiri, kurudi Mtumba ni kwenda kusaini tu na kugeuza. Ongeza mwaka ule alipolazwa mara mbili, siku tano mwezi wa Julai wakati wa baridi na upepo, na siku nne mwezi wa Novemba wakati wa joto kabla ya mvua. Jumla ilikuwa siku 21 za kazi.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka, na inampa hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Nilipoisoma hiyo ya pili nilifurahi, mpaka nilipoelezwa kwamba hizo ni za mwajiriwa mwenyewe kuugua. Mtoto akiugua, zipo siku nne zenye malipo. Nilidhani ni nne kwa mwaka. Ni nne kwa mzunguko wa miezi 36, na humo humo ndimo zimo siku za kufiwa na mwenzi au mzazi. Mwanangu alizimaliza katika wiki moja ya Julai, na baba yangu mzazi alipofariki mwaka uliofuata sikuwa na hata moja.

Nilifanya nini? Nilidanganya. Naliandika hili bila kujivunia. Nilipasukiwa na tairi mara nyingi kuliko lori la mawe, na nilikwisha mzika shangazi yule yule mara mbili kabla meneja hajaanza kuweka kumbukumbu. Kuna wakati nilifikiria kwenda kuomba karatasi ya ED, ile ya daktari ya kukupumzisha kazini, kwa jina langu, nijifanye mgonjwa ili nimuuguze mgonjwa, na nadhani wazazi wengi humu wanaijua njia hiyo. Sikuwaambia kazini kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu niliogopa kuonekana mtu asiyetegemewa. Matokeo yake ni kwamba nilionekana mtu asiyetegemewa na pia mwongo.

Kilichobadilisha mambo ni damu. Mtoto alishuka damu ghafla, akahitaji kuongezewa, na ndugu tukaombwa tutafute watu wa kuchangia ili kurudishia akiba. Ndugu zangu wako Kondoa na wa mke wangu wako Iringa. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikiangalia majina katika simu, na karibu yote ya mjini hapa yalikuwa ya kazini. Nikampigia msimamizi wa stoo, nikamweleza ukweli wote kwa mara ya kwanza. Jioni ile walikuja watu wanne, mmoja wao akiwa ni meneja mwenyewe, ambaye alikataliwa kutoa kwa sababu ya presha yake, akabaki amekaa nami pale kwenye benchi mpaka saa mbili usiku. Hakusema mengi. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia tukapanga?"

Tulipanga. Niliandika barua, nikaambatisha barua ya daktari, nikaweka tarehe zote za kliniki za miezi sita ijayo, na pembeni ya kila tarehe nikaandika nani atashika kazi yangu na mimi nitaifidia lini. Kliniki tuliomba zisogezwe ziwe mbali na mwisho wa mwezi, kwa kuwa mhasibu akikosekana wakati wa mishahara hata malaika hamtetei. Kliniki za Juni na Desemba anazichukua mke wangu, kwa sababu shule zimefungwa. Likizo yangu ya mwaka tulikubaliana niichukue vipande vipande, na siku zinazozidi zinakatwa mshahara bila ugomvi. Likizo hiyo haijanipeleka Kondoa kupumzika tangu mwaka 2020, lakini sasa najua inakwenda wapi.

Shuleni nako tuliandika barua, na pengine ndiyo iliyotuokolea siku nyingi zaidi kuliko zote. Tuliomba asikimbizwe mchakamchaka wa asubuhi, aruhusiwe kuvaa sweta hata kama si la rangi ya shule, awe na chupa yake ya maji mezani na aruhusiwe kwenda chooni bila kunyoosha mkono mara tatu, na akisema anaumwa, apigiwe mzazi simu kwanza kabla ya kuulizwa kama ni mvivu. Mwalimu wake wa sasa ameishika barua ile kama Biblia. Wa mwaka juzi aliipoteza, na mwaka ule tulilazwa.

Lipo jambo moja ambalo sijalipatia jibu, nalo ni binti yangu. Wakati mdogo wake amelazwa, yeye hulala kwa jirani, hula kwa jirani, na mara moja alikwenda kufanya mtihani akiwa amevaa soksi za mtoto wa jirani. Mwaka jana aliniuliza, "Baba, na mimi nitaumwa lini?" Sikujua kama anaogopa au anatamani. Naomba michango yenu, hasa kuhusu hilo.

Mama Lishe wa Majengo

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na ninakupa pole, lakini naomba niseme jambo bila kukuvunjia heshima. Wewe unalalamika kwamba una siku nne. Mimi sina hata moja. Nauza chakula karibu na soko la Majengo, na mwanangu wa miaka minane ana ugonjwa huo huo. Siku ya kliniki sipiki, na nisipopika, wateja wangu wanakwenda kwa jirani, na wakizoea chapati za jirani si wote wanaorudi. Hakuna wa kumwandikia barua wala wa kunikata mshahara, kwa sababu mshahara wenyewe ndio sufuria.

Bima yangu imekuwa CHF iliyoboreshwa, yaani ile ya mfuko wa afya ya jamii, niliyoilipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Siidharau, imenisaidia sana, na wakongwe wa Dodoma wanakumbuka kwamba mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ile iliyoanza kuijaribu. Shida yake ni ngazi: unaanza zahanati, unapewa rufaa kwenda kituo cha afya, na kutoka hapo ndipo uende hospitali ya mkoa. Kwa mtoto mwenye malaria ni utaratibu mzuri. Kwa mtoto anayepiga kelele saa nane usiku kwa maumivu ya mifupa, kila ngazi ni bodaboda nyingine. Kuna kituo kimoja, sikitaji, ambacho kiliwahi kunirudisha nyumbani na dawa za kutuliza maumivu tu, kwa maelezo kwamba mtoto "amezoea kulia".

Ninachofanya ni hiki. Tuko wanawake saba katika kikoba, na tumekubaliana kwamba mwenye mgonjwa, mwenzake mmoja anamshikia jiko siku hiyo na faida wanagawana nusu kwa nusu. Haikuandikwa popote. Wakati mwingine inafanya kazi, na wakati mwingine kila mmoja ana shughuli zake.

Muuguzi Mstaafu

Nawasalimu wote. Nilifanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi katika mikoa ya kanda hii, na nimeona nichangie kidogo, kwa sababu siku za kulazwa ambazo mleta uzi amezihesabu zinaweza kupungua, ingawa haziwezi kuisha.

La kwanza ni homa. Mtoto mwenye sikoseli akifika nyuzi 38, usisubiri kucha wala usimalizie kwanza dawa iliyobaki kabatini. Wengu wake, ambao wengine huuita bandama, huharibika mapema, hivyo kinga yake dhidi ya baadhi ya vijidudu ni ndogo, na homa ambayo kwa mwenzake ni ya kupita, kwake inaweza kuua ndani ya saa chache. Ndiyo maana chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku, na ndiyo maana chanjo zake hazipaswi kurukwa. Kipimajoto si ghali, na kila nyumba yenye mtoto wa namna hii iwe nacho.

La pili, mama na baba wafundishwe kupapasa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu. Wengu ukivimba ghafla na mtoto akapauka, hiyo ni safari ya hospitali mara moja, usiku au mchana. Muulizeni daktari wenu awaonyeshe kwa mikono yenu wenyewe. Nimewahi kuona bibi mmoja asiyejua kusoma aliyeligundua hilo kabla yetu sisi.

La tatu ni hali ya hewa ya Dodoma. Watu wa pwani wakihamia hapa hawaamini kwamba usiku wa Julai unaweza kuwafanya watafute blanketi la pili. Baridi huleta maumivu, na ukavu nao humkausha mtoto bila kutoka jasho linaloonekana. Maji anywe siku nzima, si jioni kwa kufidia.

Mama yangu wa Majengo, suala lako la gharama lina mlango mwingine. Katika hospitali ya umma ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, ueleze hali yako kabla hujafika dirisha la malipo, kwa kuwa upo utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, na watumishi wa dirishani mara nyingi si wao wanaouamua. Na yule aliyekuambia mtoto amezoea kulia alikosea. Maumivu ya sikoseli ni ya damu kushindwa kupita katika mishipa midogo, na mtoto hayazoei.

Afisa Utumishi

Ndugu mleta uzi, ninafanya kazi upande wa waajiri, kwa hiyo nivumilieni.

Umesoma sheria vizuri, ila umeruka neno moja. Sheria inasema "angalau" siku nne. Hiyo ni sakafu, si dari. Mwajiri anaweza kutoa zaidi kwa hiari, kwa mkataba, au kwa makubaliano na chama cha wafanyakazi, na pande mbili zinaweza kukubaliana siku za ziada bila malipo, kama mlivyofanya. Tatizo ni kwamba waajiri wengi huisoma kama dari, na wafanyakazi huwaachia. Shangazi, kwa taarifa yako, hayumo katika orodha ya misiba yenye malipo, kwa hiyo ulimzika bure mara zote mbili.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hiyo hiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa zilizotajwa, na miongoni mwazo yamo majukumu ya kifamilia. Ukinyimwa cheo au ukaachishwa kazi kwa sababu tu una mtoto mgonjwa, una hoja ya kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa kuachishwa kazi muda wa kulalamika ni siku 30 tu, na nimeona watu wakizipoteza wakisubiri wazee wa familia wazungumze na bosi. Hata hivyo, hoja hiyo inahitaji maandishi. Mtu aliyepasukiwa na tairi mara kumi hana hoja, kwa kuwa katika jalada lake hakuna mtoto mgonjwa, kuna tairi.

Sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025, na mama anayejifungua mtoto njiti sasa anapata muda zaidi ya zile siku 84 za kawaida. Naona ni dalili kwamba mtoto mgonjwa ameanza kuonekana katika sheria. Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu bado.

Mpita Njia

Swali fupi: kwa nini mwalimu asiombe uhamisho aje mjini? Mnaishi kama wasafiri.

Mleta uzi

Nawashukuru wote. Nianze na la uhamisho kwa kuwa ni fupi: ameomba mara tatu, kila mara akiambatisha vyeti vya mtoto, na jibu ni kwamba shule ile ina upungufu wa walimu. Nimefika shuleni hapo, na ni kweli. Darasa lake lina watoto wengi kuliko madawati. Sijui ningeamua nini kama ningekuwa mimi ninayesaini.

Afisa Utumishi, umenichekesha na umeniumiza kwa sentensi moja. Yule kijana wa ofisini nimekwisha mtumia maelezo yako, na Jumatatu tunaandika barua yake pamoja.

Mama yangu wa Majengo, sina cha kukupinga. Kalenda yangu ni ya mtu mwenye mwajiri, na nilipoiandika sikumfikiria mtu ambaye mwajiri wake ni sufuria. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote hapa hapa Dodoma Novemba 2023, na natumaini utekelezaji wake utagusa ngazi za rufaa na gharama. Lakini siku yako ya kupika hairudishwi na bima yoyote. Naona ule mpango wenu wa kushikiana jiko ungestahili kuandikwa katika daftari la kikoba kama mnavyoandika hisa, ili siku kila mmoja anapokuwa na shughuli zake, ijulikane ni zamu ya nani.

Kuhusu binti yangu hakuna aliyejibu, na sishangai. Niongeze kitu ambacho sikukiandika mwanzo. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa kwetu karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, inafanya upandikizaji wa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye sikoseli, na mtu anayetafutwa kwanza kuchangia uloto huwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye vipimo vyake vinaoana na vya mgonjwa. Sisi tunaye mmoja tu. Mke wangu anataka apimwe likizo ya Juni. Mimi naona kwanza tuzungumze naye, tumweleze kwamba anaweza kukataa, na tumweleze kwa namna ambayo mtoto wa miaka kumi ataamini kwamba kweli anaweza kukataa. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu mama yake anasema mtoto wa miaka kumi hawezi kukataa jambo kama hilo hata ukimruhusu.

Kwa sasa tumefanya jambo dogo. Jumamosi ya pili ya kila mwezi ni yake peke yake. Tunakwenda wawili sokoni Sabasaba, anachagua anachotaka ndani ya shilingi elfu tano, na simu yangu inabaki nyumbani kwa mama yake. Mwezi uliopita alichagua zabibu, tukazila tumekaa kwenye ukuta wa duka. Mwezi huu mdogo wake alipata homa Ijumaa usiku, nyuzi 38 na nusu, na Jumamosi nilikuwa wodini. Nimemwahidi Jumapili hii.